Mashini yenye ilikuwa inazimika ku nyumba tu

Butembo, tarehe 2 mwezi wa 10, siku ya kwanza

Onésime, baba ya Eliane, nakusalimia. Mama yako Kyakimwa anakusalimia, miguu inamuuma juu ya baridi lakini anakula muzuri na anagombana muzuri, donc iko muzima. Eliane anakusalimia, anasema asante tena juu ya mashini. Kavuo mudogo wake anakusalimia, jino yake ya mbele imetoka na anaimba nyimbo za kanisa kupitia ile tundu. Ndugu yako Gracien anakusalimia, yeye na bibi yake, juzi balituletea maboga. Mbuzi naye anakusalimia, iko na mimba. Mimi Élise bibi yako nakusalimia nyuma ya bote, juu mimi ndiye nashika bic.

Uliniambia: kule Manguredjipa ku kazi réseau hapana, usijichokeshe na simu, andika mu kaye, hii daftari, kila siku yenye iko na neno, alafu Syauswa dereva ataniletea. Basi naanza. Unajua masomo yangu iliishia ku mwaka ya ine, usicheke herufi zangu. Siku ya bure nitaandika mustari moya.

Neno ya kwanza ni ile mashini ya kompyuta yenye ulinunulia Eliane ku Beni. Anaandika ndani yake TFC, ile kitabu ya kumaliza masomo, juu ya ugonjwa ya migomba. Lazima aipeleke ku bureau ya shule mbele mwezi wa 11 uishe. Akichelewa, ni mwaka mwingine tena. Nikamuuliza: "Na mashini ikifa?" Akasema: "Mama, iko na garanti." Nikauliza garanti ni nini. Akanionyesha karatasi ya duka, na kakaratasi kadogo kenye balibandika chini ya mashini. Ikiharibika yenyewe, duka itatengeneza bure. Lakini mutu mwingine akiifungua, kale kakaratasi kakipasuka, garanti imekufa.

Nikashika mashini. Ilikuwa baridi kama sufuria ya asubui. Nikasikia huruma.

Tarehe 4

Mvua. Nimenunua uzi ya laine, rangi ya majani.

Tarehe 5

Mvua. Nafuma.

Tarehe 8, siku ya Mungu

Tumetoka ku misa, nimemaliza. Onésime, kama ungeona! Nimefumia mashini triko, sweta yake. Chini imefunika, ku pande zote imefunika, juu nimeacha nafasi ya vidole na ya kioo, na nimeweka vifungo. Mama yako anasema hii ndiyo akili, mutoto mupya hapana kulala uchi mu baridi ya Butembo. Na vumbi je? Mvua ikiacha kidogo tu, vumbi ya barabara yetu inaingia mpaka mu chumvi. Télé ya Gracien iko na kitambaa, radio yetu iko na kitambaa, sasa mashini ya masomo ikae uchi juu gani?

Eliane aliangalia triko, akaniangalia mimi, akaangalia triko tena. "Asante Mama. Ni… ni muzuri sana." Akageuka, mabega yake ikatetemeka. Huyu mutoto iko na roho ya shukrani.

Tarehe 9

Eliane anaandikia ku kitanda, yeye ndani ya blanketi, mashini ndani ya triko. Napita napita ku mulango nabaangalia bote wawili.

Tarehe 13

Mashini imezimika yenyewe. Imewaka tena. Pengine ni courant ya umeme.

Tarehe 14

Mvua. Maharagi ya lupango, pale inje ya nyumba, imeanza kutoa maua.

Tarehe 16

Imezimika tena. Eliane anasema kila mara ni akifika ku sura ya pili. Nimemuuliza kama hawezi kuruka ile sura aende ku ya tatu. Alisema hapana.

Tarehe 19

Leo nalia na mimi. Eliane aliandika tangu asubui, anaweka hesabu za migomba ya Mutwanga, ile alienda kuhesabu yeye mwenyewe mu mashamba na gumboti za kuazima. Pap! Kioo cheusi. Ilipowaka, kazi ya asubui yote haiko. Alikuwa hajaipeleka ndani, ile banaitaka enregistrer. Mutoto alifunika uso na mito ya kitanda. Alisema: "Mama, nikipoteza hii mwaka, Baba atauza nini tena?"

Nikamupikia fufu.

Kisha tulianza kutafuta ugonjwa. Tulibadilisha prise ya ukuta. Ikazimika. Tulitoa courant ya mji, tukaweka ya panneau ya jua. Ikazimika. Tulitoa fil yote ya umeme, iishi na batri yake peke. Ikazimika mbiyo kuliko mbele. Mama yako akasema: "Binti anatafuta ugonjwa ya migomba, kumbe ugonjwa iko anaiweka ku mashini." Eliane akacheka akiwa na machozi. Mimi sikucheka. Hata nilipokuwa na Kavuo mwenye surua sikuogopa hivi.

Tarehe 20

Imezimika.

Tarehe 21

Imezimika. Nimeifunga vifungo muzuri, pengine baridi inapita mu nafasi.

Tarehe 23

Gracien amesikia. Alikuja na tournevis, bisibisi yake, mu mufuko ya shati, Onésime, hata mbele ya kusalimia.

"Mama Eliane, nipe hiyo kitu. Mimi nimefungua radio ya kila mutu wa hii avenue."

"Hii haiko radio, ndugu yangu."

"Radio ni nini? Ni fil na vis. Hii ni nini? Ni fil na vis. Tofauti ni kioo."

"Na ile radio ya catéchiste?"

"Ile ilikuwa imekufa mbele nifike!"

Eliane alisimama nyuma yangu, nasikia anavuta shati yangu. Nilileta karatasi ya garanti, nikaweka kidole, nikasoma polepole: mutu mwingine akifungua, garanti imeisha. Gracien alikunja uso. "Mimi mutu mwingine? Mimi ndugu ya bwana yako, leo niko mutu mwingine? Unaamini karatasi ya mutu wa Beni kuliko mimi?"

Nilisema: "Naamini wewe. Lakini duka ya Beni haikuamini."

Aliondoka. Hakukunywa hata chai. Bibi yake jioni alinipitia ku kisima kama hanijui. Onésime, unisamehe, nimekuletea mambo na ndugu yako. Lakini kama ningemuachia, na mashini ikafa mu mikono yake, ningekuandikia nini leo?

Tarehe 26

Eliane ameenda Beni na mashini. Barabara, Onésime. Sikushika kazi yoyote. Nimechoma maharagi mara mbili, na ya pili nimeila.

Tarehe 27

Amerudi muzima, Mungu asifiwe. Lakini sikiliza. Duka iko na technicien, fundi yao, ni mwanamuke kijana, jina yake Nadège. Aliwasha mashini asubui, ikawaka siku yote. Haikuzimika hata mara moya! Akamwambia Eliane: "Hii mashini haina ugonjwa. Rudi nayo."

Mimi najua bantu ya duka. Wakati ya kuuza bako na meno yote inje. Wakati ya garanti, banaanza kusema mutoto wako ni muongo. Huyu Nadège simujui lakini simupendi.

Tarehe 28

Tumeiwasha ku nyumba. Imezimika. Ku nyumba tu!

Tarehe 29, siku ya Mungu

Mama yako anasema basi ni nyumba. Nimeomba maji ya baraka ku paroisse. Nimenyunyiza ku mulango na ku ukuta tu, mbali na mashini, juu karatasi ya garanti inakataza maji.

Tarehe 31

Imezimika.

Tarehe 3 mwezi wa 11

Eliane anaandika mustari mbili, anabonyeza enregistrer, anaandika mustari mbili, anabonyeza. Kama mutu anavuka muto juu ya mawe. Kwa mwendo huu atamaliza Pasaka.

Nilimuomba simu, nikaita ile duka mimi mwenyewe. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali. Nadège akanisalimia kwa luga yetu: "Wavukire, Mama." Kumbe ni mutoto wa kwetu! Maneno makali ikapotea. Nilimuelezea yote. Akasema: "Mama, mutu akiwa mugonjwa ku nyumba na muzima ku hôpital, tunauliza anakaaka namna gani ku nyumba. Uniletee mashini vile inakaaka. Na vitu yote yenye inatumika nayo. Yote, Mama."

Eliane iko na examen ya masomo. Nitaenda mimi.

Tarehe 7

Keti muzuri, Onésime, leo ni ndefu.

Nimefika Beni saa ine ya asubui. Joto! Nilivua fulari yangu mbele ya duka. Ndani kulikuwa patron, mwenye duka, Papa Stanislas, anakula karanga, client moya mwenye kuleta simu yake, na Nadège. Ni musichana mufupi, tournevis amechomeka mu misuko ya kichwa kama mwengine anaweka peni.

"Karibu Mama. Tuanze. Ku nyumba mashini inakaa wapi?"

"Ku kitanda."

"Ku kitanda?"

"Ndiyo. Ninyi hapa munatoka jasho, hamujui baridi yetu."

Nikatoa blanketi mu mufuko, nikaitandika juu ya comptoir, ile meza ya kuuzia. Nikatoa mito, nikaiweka. Nikaweka mashini juu. Kisha nikatoa triko, nikaivalisha, nikafunga kifungo kwa kifungo, nikanyoosha ku pembe. Yule client alianza kukohoa, lakini haikuwa kikohozi. Papa Stanislas karanga ilibaki mu kidole.

"Mama," Nadège akasema polepole, "hii… ulifuma wewe?"

"Na mikono yangu."

"Iko muzuri sana." Alisema vile Eliane alisema, na mabega yake ikatetemeka vile ya Eliane, na hapo ndipo nilianza kuwa na mashaka juu ya ile roho ya shukrani.

Akaiwasha. Aliweka filme ya harusi fulani icheze. Tukangoja. Alinipa kiti, akaniuliza habari ya Butembo, ya mvua, ya maharagi. Kisha alichukua mukono yangu akaipitisha chini ya triko. Onésime, ilikuwa moto kama pasi! Nikavuta mukono. Na palepale, pap! Kioo cheusi.

"Iko!" nikaruka. "Muliona? Muliona? Eliane hakusema uongo!"

Nilifurahi peke yangu.

Nadège alifungua vifungo, akageuza mashini kama mutu anageuza mutoto, akanionyesha chini. Kuko tutundu tudogo tudogo, tumejipanga. "Mama, hapa ndipo inapumulia. Ndani kuna ventilateur, feni kadogo, kanatoa joto inje. Ukifunika hapa, joto inarudi ndani. Blanketi inafunika, mito inafunika, na triko inamaliza. Ikisikia inataka kuungua, inajizima yenyewe. Haikuwa inakufa, Mama. Ilikuwa inajiokoa."

Nikakaa chini. Siku zile zote, kila ikizimika, mimi nafunga vifungo zaidi! Nilisikia machozi. Nadège akanishika bega: "Usilie. Wengine banaletaka yenye balimwagia bière. Wewe uliipenda tu."

Lakini aliweka sikio ku mashini, akakunja uso. Ventilateur ilikuwa inalia kama nzige. Uzi za laine zilikuwa zimeingia ndani. Lazima kufungua, kusafisha, na pengine kuweka ingine.

Papa Stanislas akapangusa mikono. "Bon. Hapo garanti hapana. Ni kosa ya client. Utalipa, Mama."

Unanijua, Onésime, mimi naogopa bantu ya bureau. Lakini niliona Eliane na ile mito ku uso. Nikatoa karatasi. Niliisoma tena na kidole, na sauti, polepole, na duka yote ikanisikiliza. "Maji. Kuanguka. Moto ya radi. Kufunguliwa na mutu mwingine. Papa Stanislas, nimefika chini ku tampon, muhuri yenu. Triko iko wapi?"

"Mama, nani angefikiri kuandika triko?"

"Mimi siko mwenye kuandika hii karatasi, baba. Ni ninyi."

Yule client alipiga comptoir: "Patron, amekushika!"

Nadège naye akageuza mashini, akaonyesha kale kakaratasi ka chini. "Iko nzima, patron. Hakuna mutu aligusa."

Stanislas aliniangalia, akaangalia triko, na cheko ikamushinda. Alicheka mpaka karanga ikaanguka. "Nadège, fungua! Mais Mama, mbele utoke hapa naongeza ile neno." Na kweli akachukua bic, akaandika ku karatasi zake zote zenye zilibaki: *Kuvalisha mashini nguo, garanti hapana.* Donc Onésime, mu Beni sheria imetoka juu ya bibi yako.

Nadège alifungua, akasafisha na brosi, akaweka ventilateur ingine. Kisha alinifundisha, na alinifanya nirudilie kama mutoto wa catéchisme: ku meza ngumu, hapana ku kitanda. Chai mbali. Radi ikilia, toa fil ku ukuta mbele ya kuomba, alafu omba. Vumbi unapangusa na kitambaa kavu. Na kila siku kazi ya Eliane iingie mu clé, flash, ile kadude kadogo, kalale mbali na mashini, ili moya ikifa ingine ibaki. Alinipa clé yake ya zamani. Nimeifunga mu ncha ya liputa, kitenge yangu.

Nilisema simupendi. Nafuta. Wasingya, asante, Nadège.

Tarehe 8

Nilimuuliza Eliane: "Ku shule ulikuwa unaivalisha triko?"

Akaangalia chini. "Hapana, Mama. Nilikuwa nafika ku kona, naivua, naificha mu mufuko."

"Na ku Beni?"

"Niliivua pia."

"Kwa nini haukuniambia kama unasikia haya?"

"Mama, ulifuma jioni na jioni. Ningekuambia nini?"

Nilitaka kukasirika. Nikaona mutoto alikubali kuivalisha na kuivua kila siku, alikubali kuitwa muongo, ili nisisikie aibu. Onésime, nilifikiri ndiye mimi namulinda. Tulicheka mpaka mama yako akagonga ku ukuta.

Tarehe 9

Haikuzimika.

Tarehe 10

Haikuzimika! Sura ya pili imeisha.

Tarehe 12

Nimefumua triko. Uzi imekuwa soksi za Kavuo.

Tarehe 18

Radi kali. Nilitoa fil ku ukuta, kisha nikaomba. Kwa mupango.

Tarehe 27

Ile radi ingine ya jana imeua transformateur ya quartier. Courant hapana. Jua nayo hapana, panneau inalala. Eliane iko ku hitimisho, kurasa chache tu, na batri imekwisha. Tarehe ya mwisho ni kesho kutwa kisha siku moya. Nilienda ku kila nyumba yenye groupe, ile jenereta. Moya mafuta ya essence hapana, ingine imeharibika, ingine iko ku matanga. Kwa Gracien sikuenda. Ningeenda na uso gani?

Tarehe 28

Asubui nasikia kitu inasukumwa mu matope ya lupango. Ni Gracien, jasho yote, na groupe yake ku pousse-pousse. Hakunisalimia. Akaiweka chini ya baraza, akavuta kamba, ikanguruma.

Nikasimama ku mulango. Yeye akainua mikono yote miwili: "Tournevis niliacha ku nyumba. Mimi sifungui kitu. Natoa moto tu."

"Ingia ukunywe chai, ndugu yangu."

"Chai ile ya mwezi uliopita, au ingine?"

Eliane aliandika ku meza, siku yote, Gracien amekaa inje analinda groupe na mwavuli. Kila batoto ya avenue bakikaribia anafukuza: "Hapa ni kazi ya université!" Jioni Eliane alibonyeza enregistrer, akaweka ku clé, akanipa nifunge mu liputa. Gracien akauliza: "Imeisha? Na migomba itapona?" Eliane akasema: "Ile ya Mutwanga, kama bantu basafisha mapanga." Gracien akasema yeye ataanza kesho kusafisha panga yake, hata kama migomba yake haina ugonjwa.

Tarehe 30

Imeingia ku bureau! Balipiga tampon mbele ya macho yangu. Imprimante ilitoa kurasa moto moto, nikazibeba ku kifua chini ya liputa juu ya mvua, na haikulowa hata moya. Secrétaire alisema: "Mama, ni wewe mwenye TFC?" Nikasema: "Ndiyo," kisha nikaona aibu, nikasema: "Ni ya mutoto." Eliane akasema: "Hapana, acha vile."

Sasa sikiliza, Onésime. Ataitetea mbele ya baprofesa tarehe 14 mwezi wa 12, siku ya ine, asubui. Baba anakaa mbele, ku kiti ya kwanza, na banamutaja jina. Syauswa anapanda Manguredjipa kesho na hii kaye. Unijibu ku mukono yake yeye yule, asirudi mikono mitupu: unakuja ao hukuji? Jibu mbiyo sana. Gracien anasema kama haukufika yeye ndiye ndugu, yeye ndiye atakaa ku ile kiti, na leo tangu asubui amekwisha kupiga koti yake pasi.